Kila Kipimo na Mwenyewe

Limezuka katika mji wetu wa Tanga, kama lilivyozuka katika miji mingine mingi ya pwani na bara, shauri la kuondoa unene kwa kuacha vyakula vya wanga, na shauri hilo limeenea hata harusi haipiti, wala khitma, bila ya kumwona mgeni mmoja au wawili wakiliacha pilau mahali pake na kuchagua minofu ya nyama iliyomo. Katika habari ya wanga wenye shauri hilo hawana ugomvi mkubwa: wote hupatana kwamba ugali, wali, mkate, mihogo, maandazi na vinywaji vya sukari vipunguzwe sana au viachwe kabisa. Ugomvi wao uko juu ya mafuta. Kundi moja husema kwamba mtu akishaacha wanga hana budi kula mafuta kwa wingi, kwa kuwa mafuta hayo ndiyo yatakayoufundisha mwili kuyachoma mafuta yake wenyewe. Na kundi la pili husema kwamba mtu anayetaka kuondokewa na shahamu ni ajabu aitafute sahanini. Kila kundi lina watu wake waliopungua, ambao husifiwa barazani, na kila kundi lina watu wake walioshindwa, ambao hawatajwi.

Mwezi uliopita ugomvi huo uliingia nyumbani kwangu kwa ulimi wa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ananyonyesha mtoto wake wa kwanza na ambaye wenzake wa kikundi cha akina mama wamemwandikia ratiba ya chakula yenye kijiko cha samli katika kila mlo, hata katika chai ya asubuhi. Baada ya kuniamkia na kuulizana hali aliniambia, "Mjomba, wewe ulipungua na hukurudi ulikotoka. Mafuta uliyala kiasi gani?" Nilimwomba aniachie siku chache, kwa sababu jawabu nililokuwa nalo limejengeka katika umri wangu kipande kwa kipande, na vipande vyake vya mwanzo ni vya zamani kuliko unene wangu.

Nilizaliwa Tongoni, kusini ya Tanga, katika nyumba ambayo mafuta yake karibu yote yalitoka mnazini. Mama alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, akaikamua katika kifumbu, na tui la kwanza, kasimile zito, akaliweka kando mpaka chungu kiwe karibu kuepuliwa. Tui la pili na la tatu, jepesi, ndilo lililopikia wali, kunde na kisamvu. Nazi mbili zilitosha nyumba ya watu wengi, na mama hakuzidisha, kwa kuwa nazi nyingine zilikuwa za kuuzwa. Baba alikuwa mvuvi wa ngalawa ambaye alitoka na maji ya alfajiri na kurudi mikono imechubuka kwa kamba, na mbele ya mtu wa namna hiyo wanga na mafuta vilikutana katika sahani moja bila ya madhara, maana kazi ya bahari ilivichoma vyote viwili kabla ya jua kuchwa.

Nikikumbuka meza ile naona kwamba hakuna aliyeuliza kipimo cha mafuta, kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwisha kuwekwa na vitu vitatu visivyoonekana: uchache wa nazi, wingi wa midomo na uzito wa kazi. Leo wajukuu wa wavuvi wale wamekaa ofisini na madukani, na mafuta huyanunua kwa dumu la lita 5, yakamiminwa sufuriani bila ya kijiko kuyapitia. Chungu ni kile kile na ladha ni ile ile, lakini vile vitu vitatu vilivyopima vimeondoka, na chakula chenye wanga mwingi na mafuta mengi kwa pamoja ndicho ambacho mwanadamu hukila kupita haja yake kwa wepesi kuliko chote. Mtu anapoondoa wanga katika sahani hiyo huwa amelivunja lile fungamano, nayo ni faida kubwa. Ila haimaanishi kwamba mafuta yaliyobaki yameachiliwa huru yasiwe na mpaka.

Kipande cha pili nilikipata Monduli, nilikopelekwa kufundisha ningali kijana. Mzee mmoja wa Kimasai wa boma la jirani, mrefu, mkavu, mwenye miguu ya kijana, alinizoesha maziwa ya kibuyu, na nyama niliiona kwake siku za sherehe. Mboga hakuijali na ugali aliula kwa nadra. Watetezi wa mafuta mengi hupenda kuwatoa Wamasai kuwa mashahidi, na ushahidi wenyewe upo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 tabibu Mmarekani George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, aliwapima Wamasai wa Tanganyika pamoja na wenzake, na katika maandishi yao ya mwaka 1964 wakaeleza kwamba lehemu katika damu zao, ile ambayo wengi sasa huiita kolestro, ilikuwa ndogo, na dalili za maradhi ya moyo zilikuwa chache, ijapokuwa maziwa na nyama ndivyo vilivyokuwa chakula chao.

Lakini ushahidi huo haukuishia hapo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa habari ya mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki, ambayo waliipasua na kuichunguza, na ndani ya mishipa yake walikuta utando wa mafuta usiopungua ule wa wazee wa Marekani. Kilichowatofautisha ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapita, na wachunguzi wale walidhani kwamba upana huo umeletwa na mwendo wao wa kila siku. Mimi nilijaribu mara kwa mara kufuatana na mzee yule machungani, na kila mara nilirudi njiani naye akaendelea. Kadhalika, maziwa si chakula kisicho na wanga, kwani lita moja ina sukari ya maziwa ipatayo gramu 50, na mtu anywaye lita mbili amekwisha kula gramu 100 kabla ya kutafuna kitu. Kwa hiyo mzee wa Monduli hakuwa shahidi wa yale anayotajiwa. Kipimo chake cha mafuta kilikuwa halali kwake, mtu wa maziwa na wa mwendo mrefu, na anayekichukua kipimo hicho akakileta mezani pa karani amechukua nusu ya maisha ya mtu na kuacha nusu ya pili machungani.

Miaka ikapita, nikahamishiwa ofisi ya elimu hapa Tanga, nikakaa kitini, na mwili ukafanya ufanyavyo. Tabibu aliyenipima, mama mmoja mwenye maneno machache, aliniambia kwamba sukari yangu imekaribia mpaka na kwamba nikitaka kuirudisha nyuma nipunguze wanga na nipunguze kiuno. Nilipomwuliza habari ya mafuta alinijibu, "Kula kiasi," akamwita mgonjwa mwingine, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika uani. Sikumlaumu wakati ule, wala simlaumu leo. Neno lake lilikuwa la kweli, ila kiasi ni chombo kitupu mpaka mtu akijaze kwa hesabu.

Barazani kwetu walikuwapo watu wawili ambao walikuwa wameanza shauri hilo kabla yangu, na kwa kuwa walilishika kwa ncha mbili zinazopingana, walinifaa kuliko vitabu. Wa kwanza alikuwa ofisa mstaafu wa forodha, mtu wa bidii katika kila aliaminilo. Aliacha wanga siku moja, na kila siku alitia katika kahawa yake vijiko vinne vikubwa vya samli, viwili asubuhi na viwili alasiri, juu ya nyama na mayai aliyokula. Katika juma la kwanza alipungua kwa namna iliyotushangaza sote, na sifa zote akazipa samli. Ukweli ni kwamba mwili huweka akiba ndogo ya wanga katika ini na misuli, iitwayo glikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufikia kama nusu kilo, na kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Wanga ukikatwa akiba hiyo huteketea, maji yake hutoka, na mizani hushuka kilo moja au mbili pasina shahamu kuguswa sana. Angalipungua hivyo hata asingalionja samli.

Baada ya hapo mizani yake ilisimama. Yeye hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa na vile vikaratasi vya kupimia mkojo, na kila asubuhi kikaratasi kiligeuka rangi ya zambarau, ishara kwamba mwili wake unatengeneza ketoni, na ketoni ni dalili ya mafuta yanayochomwa. Alituonyesha vikaratasi hivyo kwa fahari. Nilipopata kuelewa mambo hayo vizuri niliona mahali palipofichika: kikaratasi husema kwamba mafuta yanaungua, na hakina uwezo wa kusema kama yametoka tumboni au kikombeni.

Wa pili alikuwa fundi cherehani, mtu mpole na mwoga wa mafuta, ambaye aliacha wanga na mafuta kwa pamoja. Chakula chake kilikuwa kidari cha kuku kilichochunwa ngozi na kuchemshwa, ute wa yai bila ya kiini, na kabichi ya maji. Alipungua haraka, na shahamu yake iliguswa kwa kweli. Lakini alikuwa na njaa isiyokatika, baridi mwilini, choo kigumu na hasira ambayo si tabia yake, na mwezi wa Ramadhani ulipofika, siku ya kwanza ya futari, chapati na mkate wa sinia vikamshinda, asirudi tena katika safari ile.

Mtu akila nyama isiyo na mafuta peke yake, bila ya wanga, mwili hukataa, na jambo hilo lilithibitishwa hospitalini zamani. Mwaka 1928 Vilhjalmur Stefansson, msafiri aliyekaa miaka mingi na watu wa kaskazini ya dunia wanaoishi kwa nyama na samaki, alikubali yeye na mwenzake Karsten Andersen kula nyama tupu kwa muda wa mwaka chini ya uangalizi wa matabibu, na mwanzo wake ulikuwa katika hospitali ya Bellevue mjini New York. Wachunguzi walipomlisha Stefansson nyama isiyo na mafuta, siku chache hazikupita kabla hajapata kichefuchefu na kuharisha. Walipomrudishia mafuta akapona. Zaidi ya hayo, ziko vitamini nne, A, D, E na K, ambazo huingia mwilini zikichukuliwa na mafuta, na ziko asidi za mafuta ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Na mtu apunguaye haraka ilhali hali mafuta karibu kabisa hujiweka katika hatari ya vijiwe vya nyongo, kwa kuwa mafuta ya chakula ndiyo yanayokifanya kibofu cha nyongo kijikamue. Fundi wetu hakukosa subira, kama wengine walivyomsema. Chakula chake ndicho kilichokosa nguzo.

Basi nikawa nimeona ncha zote mbili, na katika kipindi hicho rafiki yangu mmoja mwenye maktaba nzuri nyumbani aliniazima vitabu vya habari hizi. Nilivisoma jioni kwa jioni, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba ugomvi wa barazani ni ugomvi wa vipimo vilivyokatiwa watu mbalimbali, kisha vikatupwa sokoni bila ya majina ya wenyewe.

Wa kwanza niliyekutana naye ni William Banting wa London, msimamizi wa mazishi aliyekuwa mfupi na mnene hata kufunga kamba za viatu kulimtaabisha. Alimwendea tabibu wa masikio, William Harvey, kwa sababu alikuwa hasikii vizuri, na tabibu huyo akamwamuru aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kutoka ratili 202 alishuka kwa ratili 46 katika muda wa mwaka, na mwaka 1863 akatoa kijitabu kuwaeleza watu habari hiyo. Angalia orodha yake: siagi imo miongoni mwa vilivyoharamishwa! Tena nyama ya nguruwe alikatazwa, na samaki wa mafuta aitwaye samoni alikatazwa pia. Mtu anayehesabiwa kuwa baba wa ulaji huu alipungua kwa nyama ya kawaida, samaki na mboga, na mafuta yaliyokuwamo humo yalimtosha.

Wa pili ni tabibu Russell Wilder wa hospitali ya Mayo katika Marekani, ambaye mwaka 1921 alipendekeza chakula chenye mafuta mengi mno kwa wagonjwa wa kifafa. Katika namna kali ya chakula hicho, kwa kila gramu nne za mafuta huliwa gramu moja tu ya protini na wanga kwa pamoja, hata nguvu ya mwili kwa sehemu tisa katika kumi hutoka katika mafuta. Makusudio yake yalikuwa kuifanya damu ijae ketoni ili degedege lipungue, na wengi wa wagonjwa wenyewe walikuwa watoto, ambao haja yao ni kukua. Kijiko cha samli katika kila mlo, ukikifuatilia asili yake, hukupeleka kwenye kitanda cha mtoto mwenye kifafa, ambaye hakutaka kupungua hata chembe.

Baada yao alikuja Robert Atkins, ambaye kitabu chake cha mwaka 1972 kilianza kwa kuubana wanga mpaka gramu chache mno na kuyaacha mafuta bila ya mpaka, akitegemea kwamba mtu aliyeshiba nyama na mayai atajizuia mwenyewe. Na kweli wengi hujizuia, kwa sababu protini hushibisha na njaa hupoa. Kisha, mwaka 2013, ukaja wito wa Profesa Tim Noakes wa Afrika Kusini, yeye mwenyewe mgonjwa wa kisukari, ambaye wafuasi wake huuita ulaji wa mafuta mengi kwa jina la Banting, yule yule aliyekatazwa siagi. Kila mmoja wa hao alikuwa na haki katika mahali pake. Msafiri wa barafu, mtoto wa kifafa, mgonjwa wa kisukari na msimamizi wa mazishi hawakuwa na haja moja.

Waliolitengeneza jambo hili likanikaa akilini ni Stephen Phinney na Jeff Volek, wataalamu wawili wa Marekani, katika kitabu chao cha mwaka 2011. Wao hugawa safari ya ulaji huu katika vipindi, na husema kwamba mwili ulioacha wanga huchoma mafuta mengi katika kila kipindi, lakini wakati wa kupungua sehemu kubwa ya mafuta hayo hutoka katika mwili wenyewe, na wakati wa kutulia yote hutoka katika sahani. Mwenye ghala lililojaa mahindi, anayetaka lipungue, hununua sokoni kile tu ambacho ghala halikuweza kumpa siku hiyo. Ghala likishafikia kiasi akitakacho, ndipo hununua posho yote.

Hesabu yake nitaiandika kama nilivyoiandika pembeni mwa daftari langu. Tumfikirie mtu ambaye mwili wake hutumia kalori 2,200 kwa siku, naye anakula protini gramu 100 na wanga gramu 50. Gramu moja ya protini au ya wanga hutoa kalori 4, kwa hiyo vyote viwili vitampa kalori 600. Zilizobaki, 1,600, hazina budi kutoka katika mafuta, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, zinahitajika gramu 178 hivi. Ikiwa anapungua nusu kilo kwa juma, na kilo moja ya shahamu ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700, basi mwili unajitolea kalori 550 kwa siku, ambazo ni sawa na gramu 61 za mafuta. Sahani inadaiwa gramu 117.

Gramu hizo 117 si chache, na anayezinyima hufika alikofika fundi cherehani; lakini pia si nyingi kama zinavyodhaniwa, kwa sababu aghalabu zimo katika chakula chenyewe. Mayai mawili yana gramu 10, nusu ya parachichi ina kama 15, konzi ya karanga yenye uzito wa gramu 30 ina nyingine 15, kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 14, na nyama, dagaa na tui hukamilisha zilizobaki. Sasa virudie vijiko vinne vya samli vya ofisa wa forodha: ni gramu 56 hivi, karibu sawasawa na zile 61 ambazo tumbo lake lingetoa. Mwili wake haukuwa mkaidi. Uliletewa kikombeni kile ambacho ungekitoa ghalani, ukakipokea.

Kwa maarifa hayo mimi na mke wangu tulilipanga jiko letu. Protini ilitangulia, samaki kwanza, kisha mayai na kuku na ngozi yake. Mboga za majani zikafuata kwa wingi. Na mafuta yakaja mwisho, kwa ajili ya kupikia na kushibisha, yakipitia kijikoni daima. Samaki wa kupaka aliendelea kupakwa, ila kwa tui jepesi, na kasimile ikabaki kuwa ya mchicha siku za wageni. Hatukuhesabu gramu kila siku, maana hesabu ya kila siku huchosha nyumba. Tulifuata kanuni moja, kwamba nikiona njaa kabla ya mlo kufika huongezwa kijiko, na nikiwa nimeshiba ilhali mizani imesimama kwa majuma, huondolewa kijiko, wala hapunguzwi samaki. Nilipungua polepole, kwa mwendo ambao barazani hawakuuona mpaka kanzu zilipohitaji kushonwa upya, na kazi hiyo nilimpa fundi yule yule.

Mbali na kiasi, liko pia jambo la namna ya mafuta, nalo lilikuja kujulikana kwa ofisa wa forodha. Alipopimwa damu, ile lehemu ambayo matabibu huiogopa kwa ajili ya moyo ilikuwa imepanda sana, na tabibu wake akamwamuru aiache samli ya kahawa. Si kila mtu hupandwa hivyo katika ulaji huu, lakini wako wanaopandwa, na hakuna ajijuaye kabla ya kupimwa. Samli, mafuta ya nyama na mafuta ya nazi yana wingi wa mafuta ya namna inayoganda, na ya nazi ndiyo yamezidi, takriban sehemu tisa katika kumi; mafuta ya alizeti, ya karanga, ya parachichi na ya samaki ni ya namna nyingine, na mtu anayebadilisha sehemu ya yale kwa haya aghalabu huiona lehemu yake ikishuka. Sisi watu wa pwani hatutaiacha nazi, wala sioni sababu ya kuiacha. Tui la kitoweo halilingani na mafuta yaliyokamuliwa yakanywewa kwa kijiko kama dawa. Ofisa alitii, na bila ya kukusudia kupungua mizani yake ikaanza kushuka tena.

Miaka michache baadaye, mwaka 2018, yalitoka matokeo ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford ulioongozwa na Christopher Gardner, ambamo watu 609 waligawanywa sehemu mbili, wengine wakapunguza mafuta na wengine wakapunguza wanga, kwa mwaka mzima. Wa kwanza walipungua kwa wastani kilo 5.3 na wa pili kilo 6.0, tofauti ambayo kwa kanuni za elimu hiyo haihesabiwi kuwa tofauti. Na ndani ya kila kundi walikuwamo waliopungua kilo nyingi mno na walioongezeka. Nilipolisema hilo barazani halikumpendeza mtu, maana kila mmoja alitaka upande wake uwe umeshinda. Mimi lilinipendeza, kwa kuwa lilinionyesha kwamba shauri la wanga kidogo ni njia moja njema miongoni mwa njia, na kwamba aifuataye ana kazi ya kujipima mwenyewe kuliko kazi ya kutetea njia.

Mpwa wangu aliporudi kutaka jawabu lake, nilianza na yeye kabla ya mafuta. Mama anayenyonyesha hutoa sukari katika maziwa yake kila siku, na wamepata kuonekana hospitalini akina mama wanyonyeshao walioubana wanga sana mpaka damu zao zikajaa asidi ya ketoni wakawa hatarini. Kwa hiyo ratiba ile haikuwa yake, iwe ina samli au haina. Nilimshauri amwone mkunga wa kliniki, ale chakula kamili, aache soda na maandazi, na ajipe muda. Kama angekuwa anatumia sindano za insulini au vidonge vya kushusha sukari ningemzuia vile vile asiukate wanga bila ya tabibu, kwa sababu dawa hizo zikikuta wanga umeondoka huweza kuishusha sukari mpaka mtu akazimia. Hakufurahi sana, maana alitaka idadi ya vijiko; lakini ratiba ile aliikunja.

Limebaki jambo moja ambalo wengi walipunguao hawaambiwi, nalo ndilo lililowarudisha nyuma wenzangu wengi waliokuwa wamefika. Siku uzito unapofikia pale mtu alipopataka, zile gramu 61 za ghalani hukoma, na mtu anayeendelea kula kipimo cha kupungua huanza kuona njaa ambayo hapo awali hakuwa nayo, akadhani nia yake imelegea, akaishibisha kwa kile kilicho karibu, ambacho katika nyumba zetu ni mkate au wali. Hapo ndipo mafuta yanapokuwa na haki ya kuongezwa, au wanga kidogo kurudishwa, mpaka sahani ilipe deni lote la mwili. Wapenzi wa samli walikuwa na kipimo sahihi, ila walikila mapema, kabla ya siku yake. Na waoga wa mafuta walikuwa na hadhari njema, ila waliishika kupita siku yake. Mimi leo nakula mafuta mengi kuliko nilivyokula mwaka ule wa kupungua, kasimile imerudi katika mchicha wa siku za kawaida, na kanzu alizozipunguza fundi bado zinanitosha.